Bunduki ya Mwindaji na Kitoweo cha Halali

Katika nyumba za Waislamu wa Dodoma, Kondoa, Chemba na Manyoni hutokea kwamba paja la swala au la pofu laletwa jikoni, na mama wa nyumba huuliza neno moja kabla hajakiinjika chungu: "Alichinjwa, au alikufa kwa risasi?" Swali hili ni la haki, na mwenye kuliuliza ni mwenye akili. Aghlabu mwenye bunduki hulijibu upesi upesi, akasema kwamba alilitaja jina la Mwenyezi Mungu alipopiga, basi yamekwisha. Sisi twaona ya kuwa hayajesha. Uhalali wa kitoweo kile hauanzi pale mnyama alipoanguka. Waanzia siku mtu alipotaka kumiliki bunduki, ukapita katika leseni na kibali, katika kabati la chumbani, katika shabaha na katika kisu, hata ukafika chunguni. Mahali pamoja pakiharibika, mengine yote huingia mashaka. Mwezi huu twapenda kulieleza jambo hili kwa wenye bunduki, na zaidi kwa wale wanaokaa nao nyumba moja.

Bunduki tunayoikusudia ni ile ya komeo, ambayo wawindaji wengi huipenda kuliko nyingine. Ina kasiba moja ndefu na kitako cha mti, na kwa kawaida upande wake wa kulia pana mkono mdogo wa chuma. Mpigaji huuinua mkono huo na kuuvuta nyuma, ganda tupu likaruka nje. Kisha huusukuma mbele, risasi mpya ikaingia, akaulaza, na bunduki ikajifunga kama mlango uliotiwa komeo. Kazi hiyo yote hufanywa kwa mkono, na kwa kila risasi peke yake. Mfano uliofuatwa zaidi ni ule wa Mauser wa mwaka 1898, uliotengenezwa Ujerumani, ambao hupakia risasi tano, na komeo lake lina meno mawili mbele ya kulishikilia na la tatu nyuma kwa usalama. Bunduki nyingi za kuwindia zilizotengenezwa baadaye katika Ulaya na Marekani zimeiga mfano huo.

Katika nchi yetu ya kati bunduki za namna hii zilizidi kuonekana kwa sababu ya vita, wala si kwa sababu ya uwindaji. Askari wengi wa Wajerumani walipoingia katika vita vya mwaka 1914 walikuwa wangali wakichukua Mauser ya mwaka 1871, yenye kupakiwa risasi moja moja na kutoa moshi mwingi. Majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Kondoa mwezi wa Aprili 1916, pakapiganwa pale vita vikali mwezi wa Mei, na Dodoma ikatwaliwa mwezi wa Julai. Majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Mvua nazo zikakosa kunyesha, na Wagogo wakapatwa na ile njaa kuu waliyoiita Mtunya. Twayataja hayo ili vijana wetu wajue kwamba chombo kiwezacho kumlishia mtu wanawe ndicho hicho hicho kilichosaidia kuiacha nchi nzima bila chakula. Chuma hakina dini. Mwenye dini ni yule anayekishika.

Sasa tuitazame dini yenyewe yasemaje. Sura ya tano ya Kurani, Suratul Maida, katika aya yake ya kwanza yawaamrisha walioamini kutimiza ahadi na mikataba, kisha papo hapo, katika aya ile ile, yataja wanyama waliohalalishwa na makatazo ya kuwinda kwa mtu aliye katika ihramu. Na yafaa mwindaji azingatie jinsi mambo hayo mawili yalivyowekwa pamoja. Windo limehalalishwa, lakini limehalalishwa kwa watu wenye kutimiza ahadi.

Na ahadi za mwenye bunduki katika Tanzania ni nyingi. Silaha yake huitunza chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyoshika mahali pa ile ya mwaka 1991. Uwindaji wake umo katika Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, isemayo kwamba wanyama wote wa pori ni mali ya umma, na Rais ameshikishwa mali hiyo kwa niaba ya wananchi. Maana yake, kwa lugha ya dini, ni amana. Leseni ya bunduki peke yake haimpi mtu ruhusa ya kumwua hata digidigi mmoja. Lazima apate kibali kinachotaja mnyama gani, wangapi, wapi na kwa muda gani. Sheria hiyo yakataza pia kuwinda usiku, na kumpiga mnyama kutoka ndani ya gari; na twiga haguswi kabisa.

Baadhi ya watu husema, "Mnyama wa Mungu, pori la Mungu, kibali cha nini?" Maneno haya yana ladha masikioni, lakini hayana hoja. Maji nayo ni ya Mungu, lakini kisima cha kijiji hakitekwi mpaka kikauke na mtu mmoja. Wala hatusemi kwamba mnyama aliyechinjwa sawasawa bila ya kibali amekuwa mzoga. Wanazuoni hutenganisha kati ya kuchinja kwenyewe na dhambi ya njia iliyotumika. Lakini Mwislamu aridhike vipi kuwalisha wanawe kitu kilichopatikana kwa kuvunja ahadi? Tena hatari haimpati yeye peke yake. Nyama ya pori isiyo na kibali huhesabiwa kuwa ni nyara za serikali, na mahakama zetu zimekwisha kuwafunga watu miaka 20 kwa kukutwa nayo. Anayekutwa nayo huenda akawa ni yule mama aliyekuwa akikoroga chungu. Kwa hiyo yafaa mama aulize maswali mawili, si moja: "Alichinjwa?" na "Kibali kiko wapi?"

Tukija kwenye risasi, tunafika mahali ambapo wanazuoni wamekhitalifiana, na yatupasa tuwaambie wasomaji wetu ukweli wa khitilafu hiyo. Adiyy bin Hatim, aliyekuwa mwindaji, alimwuliza Mtume Muhammad (S.A.W.) juu ya kupiga mnyama kwa fimbo ya kurusha. Jibu lake, kama lilivyopokewa na Bukhari na Muslim, ni kwamba kilichotobolewa kwa ncha kinaliwa, na kilichouawa kwa ubapa wa fimbo hakiliwi, kwa kuwa hicho kimekufa kwa kipigo. Kutokana na hadithi hiyo, na kutokana na aya ya tatu ya Suratul Maida inayomharimisha mnyama aliyekufa kwa kupigwa, wanazuoni wakauliza juu ya risasi: je, yatoboa kama mshale, au yaua kwa kishindo chake kama jiwe?

Wengi wa wanazuoni waliotangulia katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa Afrika ya Mashariki, walisema kwamba risasi haina makali, hukandamiza na kuchoma, basi mnyama aliyekufa kwa risasi kabla ya kuchinjwa haliwi. Wengine hawakukubali. Ad-Dardir, mwanachuoni wa Kimaliki wa Misri, aliona ya kuwa inafaa. Na Ash-Shawkani wa Yemen, aliyefariki mwaka 1250 wa Hijria, alisema kwamba bunduki hizi ni jambo jipya, na risasi zake huingia upande mmoja zikatokea upande wa pili, basi hukumu yake ni ya kutoboa. Katika zama za karibu Sheikh Yusuf al-Qaradawi naye ameishika rai hii. Na kwa hakika risasi ya leo si ile tufe ya zamani. Ile iitwayo .30-06, mathalan, hutoka katika kasiba kwa mwendo wa karibu mita 800 kwa sekunde, nayo hupenya mwilini.

Sisi hatukukaa hapa ili kuwahukumu maimamu. Tunalolisema ni kwamba iko njia ambayo wote wamekubaliana juu yake: mfikie mnyama angali na uhai ulio imara, umchinje, ukate koo la pumzi, umio na mishipa miwili mikubwa ya shingo. Mwenye kufanya hivyo ametoka katika khitilafu, na nyumba yake hula kwa moyo uliotulia. Kwa hiyo mwindaji asiye na kisu kikali kiunoni hajawa tayari kwa kuwinda, hata kama bunduki yake ni ya thamani kubwa. Na akimfikia mnyama yu hai, akawa na nafasi ya kumchinja, asimchinje mpaka akafa kwa kuwa alisahau kisu nyumbani, hapo hana rai ya kuikimbilia.

Kutaja jina la Mwenyezi Mungu nako kuna mahali pake. Madhehebu mengi huona kuwa ni wajibu, na kwa Imamu Shafi ni sunna iliyotiliwa nguvu. Wakati wake ni pale mtu anapopiga, si baada ya mnyama kuanguka. Na hapa ndipo twaiona faida ya bunduki ya komeo. Haimwagi risasi kama mvua. Baina ya risasi na risasi hulazimu mkono uinuke, uvute, usukume, ulaze. Kitambo hicho ni kidogo, lakini chamtosha mtu kutazama tena na kutaja jina la Mola wake tena. Mwenye kuijua bunduki yake hukitumia kitambo hicho. Asiyeijua hukiona kuwa ni kero, akapiga risasi ya pili kwa hasira kwa sababu ya kwanza imekosa.

Wawindaji hodari hupimwa kwa risasi walizozirudisha nyumbani. Hodari hukaribia mpaka mita mia moja au chini ya hapo, akaegemeza bunduki juu ya tawi au juu ya fimbo, akangoja mnyama asimame ubavu, akalenga nyuma ya bega, palipo mapafu na moyo. Hampigi mnyama aliye katikati ya kundi, kwa sababu risasi huweza kumpita mmoja na kumjeruhi mwingine. Kwa swala hutumia risasi yenye ncha laini. Kwa nyati hutaka risasi ngumu na bunduki kubwa, kama vile ile ya.375 iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Na akijeruhi hufuata damu, japo kwa saa tatu juani. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwenyezi Mungu ameamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja, na kwamba mtu anoe kisu chake na ampumzishe mnyama wake. Anayemwacha mnyama na risasi tumboni, akarudi mjini kuzungumza juu ya mchezo wa siku ile, hakuufuata wema huo.

Mnyama akianguka bwawani baada ya kupigwa, akakutwa amekwisha kufa, haliwi, kwa kuwa haijulikani kama aliuawa na risasi au na maji. Hili nalo limo katika hadithi ya Adiyy. Na aliyejeruhiwa kidogo, kisha akaporomoka kutoka juu ya majabali, ambayo katika Ugogo ni mengi, naye ana shaka hiyo hiyo. Kilicho na shaka hakiletwi jikoni.

Yako pia ya kuitunza bunduki yenyewe, na wenye bunduki wa nchi kavu wayajua vema. Wakati wa kiangazi vumbi la Dodoma huingia kila mahali. Mafuta yakiwa mengi katika komeo hulishika vumbi hilo yakawa kama tope, na komeo likawa zito; basi hupakwa kidogo tu na kufutwa kwa kitambaa kikavu. Masika adui huwa ni kutu, na bunduki iliyoachwa katika mfuko wa ngozi hushika unyevu. Kabla ya kupakia, hulitoa komeo wakachungulia kasiba kutoka nyuma mpaka mbele, kwani nyigu hupenda kujenga humo kwa udongo, na kasiba iliyozibwa huweza kupasuka usoni pa mpigaji. Na darubini iliyotikiswa na njia mbovu hutazamwa tena kwa shabaha ya karatasi, mahali panaporuhusiwa, kabla ya kumwelekea kiumbe mwenye roho.

Lakini bunduki hukaa porini siku chache katika mwaka. Siku nyingine zote iko nyumbani. Na hatari iliyo kubwa kuliko zote imo nyumbani. Mtume (S.A.W.) amekataza mtu kumwelekezea ndugu yake silaha, kwa kuwa huenda shetani akaivuta mkononi mwake, na akawaamrisha wanaopita misikitini na sokoni na mishale waishike ncha zake wasije wakamjeruhi Mwislamu. Ikiwa mshale wenye kuonekana ncha uliamrishwa hivyo, je, bunduki ambayo risasi yake haionekani? Kauli ya "nilidhani ni tupu" imekwisha kuwazika watu wengi duniani. Kila bunduki na ihesabiwe kuwa imepakiwa, hata na mwenyewe aliyeitoa risasi sasa hivi.

Bunduki ya komeo ina neema moja katika jambo hili, nayo ni kwamba komeo lenyewe huchomolewa kwa sekunde chache, na likitoka, kilichobaki hakiwezi kupiga. Basi mwenye nyumba na aifunge bunduki katika kabati la chuma, komeo alifungie mahali pengine, na risasi mahali pa tatu, na funguo azichukue mwenyewe. Kuificha chini ya kitanda au juu ya dari si kuihifadhi. Watoto wazijua pembe zote za nyumba kuliko baba yao. Wala asiitoe mbele ya wageni kwa kujionyesha. Na mtu akiwa na hasira, au nyumba ikiwa na ugomvi, au yumo ndani mwenye maradhi ya moyo kuvunjika na kukata tamaa, ni bora silaha hiyo itoke katika nyumba, ipelekwe kuhifadhiwa kwa polisi, mpaka utulivu urejee. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kilio cha msiba uliokuwa waweza kuzuiwa.

Jambo lingine ambalo familia nyingi husahau ni kifo cha mwenye bunduki. Leseni ni ya mtu, hairithiwi kama shamba. Mume akifariki, mjane asiiweke bunduki nyumbani kuwa ni kumbukumbu ya marehemu, wala mtoto mkubwa asiichukue siku ya arobaini. Yapelekwe habari kwa polisi na silaha ikabidhiwe; thamani yake huingia katika mirathi pamoja na mali nyingine, baada ya kulipwa madeni, na mrithi anayeitaka aombe leseni yake mwenyewe. Yafaa mwenye bunduki awaeleze jamaa zake haya angali hai, na ayaandike katika wasia wake.

Tuwageukie vijana wetu. Wengi wenu hamna bunduki, ila mna manati, nanyi huwapiga njiwa na kwale. Ndege aliyekufa kwa jiwe la manati haliwi, kwa kuwa amekufa kwa kipigo. Akidiriki kuchinjwa yu hai, analiwa. Na Mtume (S.A.W.) amekataza mchezo wa kurushiana vijiwe kwa vidole, akasema kwamba hauwindi windo wala haumjeruhi adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Amekataza pia kumfunga kiumbe mwenye roho akawa shabaha. Kujifunza kupiga shabaha ni jambo jema katika Uislamu, na limesifiwa. Lakini hujifunzwa kwa mwalimu, mahali palipowekwa, juu ya kitu kisicho na roho.

Na hapa Chimwaga patupa funzo la mwisho. Mahali hapa palikuwa nje ya mji. Mwaka 1973 Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu. Ukumbi wa Chimwaga ukajengwa, na tangu mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Dodoma kimeenea juu ya vilima hivi. Mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Risasi ya bunduki ya kuwindia huweza kwenda zaidi ya kilomita tatu kabla ya kuanguka. Mzee aliyezoea kupiga kanga au digidigi kandokando ya mji, leo nyuma ya kichaka kile pana nyumba, pana shule, pana wanafunzi njiani. Asiyeona risasi yake itaishia wapi asiifyatue, hata kama kitoweo kimesimama mbele yake.

Basi mama anayeuliza kabla ya kuinjika chungu asionekane kuwa ni msumbufu. Na ajibiwe kwa upole na kwa ukweli: kibali ni hiki, jina la Mwenyezi Mungu lilitajwa wakati wa kupiga, alifikiwa yu hai, akachinjwa kwa kisu hiki, na bunduki imekwisha rudishwa kabatini, komeo lake mbali. Mwenye kuweza kuyasema yote hayo bila ya kusitasita na akaribishe wageni, na jirani asimsahau.

Wabillahi tawfiq.